Kioo cha kompyuta ya mtumba chaweza kulaza mtaji wa studio

KIGOMA. Wenye mitaji midogo wanaotaka kufungua studio ya picha hapa mjini, Mwanga au Ujiji, huuliza mambo matatu wanaponunua kompyuta ya mtumba: bei, betri na ukubwa wa diski. Lipo la nne ambalo wengi hawaliulizi: kioo kina nukta ngapi?

Kazi yenyewe ipo. Reli ya kati inaishia hapa, boti za Kibirizi hubeba watu wa vijiji vya mwambao, na wasafiri wa Burundi na Kongo wanataka paspoti saizi za haraka. Tangu pasipoti za kielektroniki zizinduliwe Januari 2018, maombi yanajazwa mtandaoni, kwa hiyo mteja hataki karatasi tu, anataka na faili la picha. Wafungashaji wa dagaa na mawese nao wanahitaji lebo.

Kioo cha kompyuta hupimwa kwa namba mbili, nukta za upana na nukta za kimo. Mtengenezaji wa programu huweka kima cha chini ili vitufe na menyu vipate nafasi. Chini ya hapo, programu yaweza kugoma.

Imewahi kutokea. Kati ya mwaka 2008 na 2012 hivi soko la dunia lilijaa laptopu ndogo za inchi 10, za bei nafuu, nyingi zikiwa na kioo cha 1024 kwa 600. Oktoba 2012 Microsoft wakatoa Windows 8, ambayo programu zilizopakuliwa kwenye duka lake zilikataa kufunguka kwenye kioo kilicho chini ya 1024 kwa 768. Mwaka 2013 Adobe wakaleta Photoshop Express ya Windows 8. Mwenye laptopu ndogo akiibofya aliambiwa kioo chake hakitoshi. Kumbukumbu ipo, chaji imejaa, kazi hakuna.

Mafundi walipata ujanja wa kubadili mpangilio wa ndani wa Windows ili kioo kijidai kina nukta 768. Mwandishi wa makala hii alifanyiwa hivyo. Programu ilifunguka, lakini mistari 768 ilibanwa ndani ya 600, na kila uso kwenye kioo ukawa mpana kama umevimba. Kwa mtu anayekata paspoti saizi kwa kukisia na jicho, hiyo ni hasara ya karatasi, wino na wateja.

Leo kima kimepanda. Adobe wanataka Photoshop ya sasa ipate angalau 1280 kwa 800, ukuzaji wa maandishi ukiwa asilimia 100, na wanapendekeza 1920 kwa 1080. Sasa tazama laptopu nyingi za mtumba: 1366 kwa 768. Namba ya kwanza inampa mnunuzi moyo, ya pili inamwangusha kwa mistari 32. Huenda programu isigome kabisa, lakini dirisha laweza kukatika chini na kitufe cha kukubali kisionekane. Tena ukuzaji ukiwekwa asilimia 125, kama wengi wanavyopenda ili wasome bila miwani, nafasi inayobaki ni kama 1093 kwa 614 tu. Ni kama umerudi kwenye ile laptopu ndogo.

Ikumbukwe pia kuwa tangu 2013 Adobe walianza kuhamishia Photoshop kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka. Fedha hiyo inatoka kama kodi ya fremu, utumie usitumie.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu noti, mwambie muuzaji awashe mashine. Bofya kulia mahali patupu kwenye kioo, fungua mipangilio ya kioo, usome namba zote mbili. Usikubali jibu la "inchi 15". Inchi hazisemi chochote kuhusu nukta, na laptopu ya inchi 15 yaweza kuwa na 768 vilevile.

Aliyekwisha kununua asikimbilie kuuza kwa hasara. Kwanza arudishe ukuzaji kwenye asilimia 100. Kwa paspoti saizi na lebo, GIMP hailipiwi na inatosha kwa kazi nyingi. Ikiwa lazima iwe Photoshop, atafute kioo cha mezani cha mtumba chenye 1920 kwa 1080 na akichomeke kwenye laptopu ileile, mradi aende dukani nayo na waya wake akijaribu palepale.