Jongoo Waliogeuza Timbo Kuwa Msitu: Matembezi ya Siku Moja Bamburi

Watoto wanaofika Haller Park, Bamburi, hukimbilia twiga na viboko. Wachache huinama kutazama kinachotambaa njiani, na hapo ndipo alipo aliyefanya kazi kubwa kuliko wote: jongoo mweusi mwenye miguu myekundu.

Msitu huo wenye vivuli na vijito ulikuwa timbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilichimba mawe ya matumbawe hapo hadi pakabaki shimo jeupe lisilo na udongo, na maji ya chumvi karibu chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu zilistahimili. Mmojawapo ni mvinje, mti ambao wakazi wa Pwani wanaujua vyema kwa boriti za kujengea.

Mvinje huota pasipo na rutuba kwa sababu vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi yake huupatia naitrojeni kutoka hewani. Tatizo lilikuwa majani. Majani hayo, membamba kama sindano, yana tanini nyingi na hayaozi upesi. Yalianguka, yakarundikana juu ya mwamba, na udongo haukupatikana.

Haller aligundua kwamba jongoo huyala. Wakakusanywa wengi na kuachiliwa timboni. Jongoo husaga majani, na kinyesi chake huwa chepesi kwa bakteria kukivunjavunja kuwa mboji. Udongo ulipoanza kujengeka, aina nyingine za miti zikapandwa, kisha ndege na wanyama wakapata makao. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bamburi wangemtupa jongoo, msitu usingekuwapo.

Hapa ndipo pia palipoanza urafiki wa Owen na Mzee. Owen, mtoto wa kiboko, aliokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 na kuletwa Bamburi, akamng'ang'ania Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra. Walilala pamoja na kuogelea pamoja. Ukiwa na mtoto, msimulie mkiwa ndani ya matatu. Atafika akiwa na hamu.

Kisa cha timbo hili kina uzito kwa wakazi. Timbo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, likawa mazalio ya mbu na hatari kwa watoto wanaoenda kuogelea. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni kurekebisha ardhi baada ya kuchimba. Anayeambiwa kwamba ardhi ya mawe haiwezi kufufuka anaweza kwenda Bamburi akajionee mwenyewe.

Wenye nafasi ya siku nzima waanzie bustani ya Mama Ngina Waterfront asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kuna mibuyu mikubwa, upepo wa bahari, na meli zinazoingia Kilindini hupita karibu sana. Baada ya mihogo na madafu, pandeni matatu za Bamburi au Mtwapa. Lango la Haller Park liko kando ya barabara kuu ya Malindi. Alasiri ni wakati mzuri, kwani ndipo wanyama hulishwa. Mbebe kitambulisho, kwa kuwa ada ya raia si sawa na ya mgeni.

Vaeni viatu vya kufunika vidole na mtembee mkitazama chini. Jongoo hang'ati, lakini akishikwa hutoa majimaji yanayowasha, hasa yakiingia machoni. Mtoto akimgusa, anawe mikono kabla ya kula. Majani yaliyodondoka yaachwe yalipo: ndiyo chakula chake.