Degedege Likishapita

Mtoto aliyepatwa na degedege nyumbani huwa ametulia kitambo anapofikishwa hospitalini. Kutoka vilima vya Manga au mashamba ya majani chai ya Kebirigo hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, hata mwendeshaji boda boda akaze mwendo na barabara iwe kavu, safari ni ndefu kuliko degedege lenyewe, ambalo mara nyingi halifikishi dakika tano. Daktari wa zamu humkuta mtoto amelala usingizi mzito, au analia akitaka titi. Hakuna mashine itakayomwonyesha yaliyotokea kitandani saa nane za usiku. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni swali kwa mama au baba: uliona nini?

Wengi hukwama hapo. Aliyeshuhudia mwanawe akigeuza macho, akikakamaa na kubadilika rangi midomo alidhani anamwona akifa, na mtu anayedhani hivyo hahesabu dakika. Husema lilichukua nusu saa, naye hasemi uongo; ndivyo lilivyomwelemea. Lakini daktari anahitaji kujua mambo madogo madogo. Lilianza mkono mmoja au mwili mzima kwa pamoja? Alikuwa na joto kabla, au joto liligunduliwa baadaye? Alipozinduka, mkono mmoja ulikuwa mlegevu? Udhaifu huo wa muda ulielezwa na tabibu Robert Bentley Todd kule London mwaka 1849, na hadi leo husaidia kujua upande wa ubongo ambako degedege lilianzia.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme. Sodiamu ikiingia ndani ya seli, ujumbe unasafiri. Kemikali iitwayo GABA ikitolewa, seli jirani hunyamazishwa. Kwa kawaida huwa kama soko la Keroka: kila mtu na bei yake, huyu akisema yule anasikiliza. Degedege ni pale soko zima linapopiga ukelele mmoja kwa pamoja, na misuli haina budi kuutii. Ubongo mchanga huingia katika hali hiyo kwa wepesi. Homa huzichangamsha seli, kemikali ambazo mwili huzitoa unapopambana na virusi huongeza msisimko, na watoto wengine wamerithi milango ya sodiamu yenye hitilafu. Shangazi akisema, “Hata baba yake alishikwa hivi akiwa mdogo,” ametoa habari ya kitabibu. Daktari anayeuliza mambo ya ukoo hatafuti laana.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, hasa wakikaribia mwaka mmoja na nusu. Katika kila watoto 100, 2 hadi 5 hulipata. Mwaka 1976 Karin Nelson na Jonas Ellenberg wa Marekani walichapisha habari za watoto 1,706 wa aina hiyo, waliofuatiliwa hadi umri wa miaka 7: wapatao 2 tu katika kila 100 ndio waliopata kifafa. Theluthi moja hivi ya watoto hurudiwa siku nyingine ya homa. Jambo linaloudhi wazazi ni kwamba dawa ya kushusha homa, hata ikitolewa kwa saa zake, haijaonekana kuzuia lisirudi. Paracetamol mpe ili apate nafuu. Maji baridi usimmwagie. Katika ubaridi wa Nyamira atatetemeka tu, na kutetemeka huzalisha joto.

Takwimu za Marekani, hata hivyo, hazihamishiki Nyamira hivi hivi, kwa sababu ya malaria. Kimelea chake kikali zaidi hakikomai ndani ya mbu pakiwa na baridi ya chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana nyanda za juu hukaa muda mrefu bila ugonjwa huo. Huo si usalama kamili. Mwili usiozoea malaria hauna kinga, na msimu wa joto na mvua ukija, kama ilivyotokea Kisii na Nyamira katika miaka ya 1990, mlipuko huwaangusha wakubwa kwa wadogo. Kule Kilifi watafiti walihesabu watoto waliolazwa kwa degedege kati ya 2002 na 2008, wakaona idadi imeshuka kwa asilimia 69, na karibu upungufu wote ulikuwa wa degedege lililoandamana na malaria. Kwa hiyo hapa kwetu, kabla ya mtu kutamka “ni homa tu,” damu ipimwe malaria na sukari. Sukari ikishuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita, degedege lina chanzo, na tiba yake ni glukosi.

Kuna pia kutoa maji ya mgongo, kipimo ambacho wazazi hukikataa kuliko vyote, wakihofia mtoto atapooza. Sindano huingizwa chini ya mahali ugwe wa mgongo unapoishia, hivyo haiugusi. Daktari akishuku homa ya uti wa mgongo, kukataa ndiko kwenye hatari.

Halafu wapo watoto ambao kila kipimo kinarudi safi. Hawana homa, malaria hakuna, sukari ni nzuri, hawakugonga kichwa wala kulamba dawa ya kunyunyizia mimea. Mzazi hutoka na kadi isiyotaja ugonjwa, akihisi amepuuzwa. Mimi naona jibu hilo lina uaminifu kuliko jina la kubahatisha. Shlomo Shinnar na wenzake wa New York waliwafuatilia watoto 407 waliopatwa mara ya kwanza bila chanzo cha papo hapo. Kazi yao ilitoka mwaka 1996. Miaka mitano baadaye, asilimia 42 walikuwa wamerudiwa. Zaidi ya nusu hawakurudiwa. Ndiyo sababu madaktari wengi hawaanzishi dawa za kila siku baada ya tukio moja tu, na kwa kawaida husubiri la pili ndipo wataje kifafa.

Na pengine halikuwa degedege. Mtoto mdogo akinyang'anywa kitu hulia, hushikilia pumzi, hugeuka bluu na kuzimia sekunde chache. Hali hiyo haina madhara, na mara nyingine huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Kinachoitofautisha ni kile kilio cha mwanzo. Hapa simu yenye kamera hufaa kuliko maelezo marefu: mmoja amshike mtoto, mwingine arekodi.

Degedege likirudi, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Nyanya atasema, “Leteni kijiko, atajiuma ulimi!” Umjibu kwa heshima, lakini kijiko kisiingie, huvunja meno na kuziba njia ya hewa. Ikifika dakika tano na bado linaendelea, safari ianze mara moja. Diazepamu, dawa ya kukata degedege ambayo huweza kupitishwa njia ya haja kubwa, hufanya kazi kwa kuipa nguvu GABA, na kadiri degedege linavyorefuka, vipokezi vya GABA hujificha ndani ya seli na dawa hupungukiwa na pa kushika. Wanaosema ni kijicho cha watu na kumpaka mtoto samli sina ugomvi nao, samli haidhuru. Ninaogopa ile saa moja inayopotea, na ile imani, iliyokutwa Bagamoyo kule Tanzania miaka ya 1990, kwamba mwenye degedege akidungwa sindano atakufa.

Kinachobaki ni usiku. Wazazi hulala kwa zamu, hupima joto kila saa, humtazama mtoto kifua kama kinapanda. Wiki za mwanzo hilo haliepukiki. Ila mama asiyelala mwezi mzima hataliona degedege mapema kuliko aliyelala chumba kimoja na mwanawe, na mtoto aliyekatazwa kucheza hajalindwa na chochote. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji aelezwe, na anayebaki na mtoto mchana afundishwe yale ya ubavu na saa. Kabla ya kutoka wodini, omba yaandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto: tarehe, muda lililochukua, vipimo vilivyofanywa na majibu yake, uzito wa mtoto, na kipimo cha diazepamu kinachoufaa uzito huo.