Kompyuta inapokataa kusoma diski

Familia nyingi bado zimehifadhi picha za harusi na sauti za wazee waliokwisha kufariki katika diski za CD na DVD. Kisomaji cha diski kinapogoma, usikimbilie kununua kingine. Jaribu kwanza diski tofauti: ikisomeka, hitilafu imo katika ile ya awali. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwani mkwaruzo unaofuata mstari wa data hudhuru zaidi.

Pengine CD husomeka, DVD hukataa. Si ajabu: CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa ya 650, na moja yaweza kuchoka kabla ya nyingine. Kisomaji kisipoonekana kabisa kwenye kompyuta, huenda ni kebo tu iliyolegea.

Trei ikikwama, zima kompyuta, kisha ingiza taratibu waya mwembamba ulionyooka katika tundu dogo lililo mbele ya kisomaji.

Diski zilizorekodiwa nyumbani ndizo za kuhofiwa zaidi, kwa kuwa rangi inayobeba data huharibiwa na jua na joto. Ikisomeka hata mara moja, nakili yote yaliyomo siku hiyo hiyo.