Gari imeinuliwa, lakini bado inagonga: shida iko wapi?

Shoferi yeyote anayefanya kazi kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kutoka Uvira kupitia Makobola, Mboko na Lusenda hadi Baraka, kisha kupanda Fizi-centre, anaijua sauti hii. Gari inaingia shimoni, na chini ya viti kunalia chuma juu ya chuma. Abiria wanarushwa, mama mjamzito anayepelekwa hospitali anashika tumbo, na shoferi anasema neno moja tu: imegonga.

Dawa ambayo wengi wanakimbilia ni kuinua gari. Wanaongeza lame, wanaweka jimeli ndefu, au wanapachika kipande cha chuma kati ya lame na ponti. Gari inasimama juu, inapendeza, inapita kwenye maji bila shida. Lakini baada ya safari chache sauti inarudi, na mara nyingine inakuwa kali kuliko mwanzo. Halafu shasi inaanza kupasuka.

Ni kwa nini gari iliyoinuliwa inaendelea kugonga? Na mwenye gari afanye nini kabla ya kutoa pesa tena?

Vitu vitatu, kazi tatu

Chini ya Land Cruiser, Hilux, Canter au Fuso kuna vitu vitatu ambavyo watu wengi wanavichanganya.

Cha kwanza ni resori. Inaweza kuwa ya lame, yaani vyuma bapa vilivyopangwa moja juu ya nyingine, au ya mviringo. Kazi yake ni kubeba uzito. Land Cruiser za familia ya 70 zenye kubeba mzigo, tangu 1999, ziko na resori za mviringo mbele na lame nyuma. Za zamani zaidi, kama HZJ75, ziko na lame mbele na nyuma.

Cha pili ni amortisere. Hii haibebi uzito. Ni bomba lenye mafuta ndani, na kazi yake ni kupunguza mwendo wa resori, ili gari isiendelee kuruka kama mpira baada ya kupita shimo. Ndiyo maana mtu anayebadilisha amortisere kwa sababu gari imelala nyuma anapoteza pesa yake.

Cha tatu ni ule mpira mweusi ulio chini ya shasi, juu ya ponti, ambao mafundi wanauita bute. Kazi yake ni kupokea pigo la mwisho, wakati resori imefika mwisho wake. Kwenye gari nyingi za hapa kwetu mpira huu umekauka, umepasuka au umeshaanguka zamani. Mahali pake kumebaki chuma kitupu.

Hesabu ya nafasi

Gari inagonga kwa sababu nafasi imekwisha. Nafasi hiyo ni umbali kati ya ponti na bute gari ikiwa imesimama. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, ponti inapanda pia na kula ile nafasi. Ikiimaliza yote, inagonga.

Tuchukue mfano. Gari ikiwa tupu iko na nafasi ya sentimita 12 nyuma. Lame zake mbili za nyuma, kushoto na kulia, zinashuka sentimita 1 kwa kila kilo 100 za mzigo. Ukipakia kilo 800 za samaki na unga, sentimita 8 zimekwenda kabla gari haijatoka Baraka. Zimebaki 4. Shimo la kwanza la maana upande wa Mutambala litazimaliza.

Land Cruiser ya pick-up imetengenezwa kubeba karibu tani moja, pamoja na watu. Kwa hiyo mifuko, madumu ya mafuta na abiria kumi waliokaa juu yake vinaweza kumaliza nafasi yote hata lame zikiwa mpya kabisa.

Mahali mzigo unapokaa pia ni muhimu. Mfuko uliowekwa nyuma ya ponti, pale mwisho wa karoseri, unasukuma chini zaidi kuliko uzito wake. Unafanya kama mtu aliyekaa mwisho wa ubao: unashusha nyuma na kuinua mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na gari haishiki njia vizuri kwenye matope. Mzigo mzito uwekwe chini, karibu na kabini.

Kwa nini kuinua hakutoshi

Kuinua kunaongeza urefu, lakini hakuongezi nguvu ya resori. Na kila njia ya kuinua iko na deni lake.

Kipande cha chuma kati ya lame na ponti kinainua bodi bila kuzifanya lame ziwe na nguvu zaidi. Sasa ponti iko na safari ndefu kabla ya kukuta bute, na lame inakunjwa kupita kiasi ilichotengenezewa. Ndiyo maana lame zinaanza kuvunjika mara kwa mara baada ya gari kuinuliwa.

Jimeli ndefu inainua nusu tu ya urefu ulioongezwa: ukiongeza sentimita 10 kwenye jimeli, gari inapanda kama 5. Ikiwa ni mbele, pembe ya ponti inabadilika na usukani unaanza kutangatanga.

Kipande kinachowekwa juu ya resori ya mviringo kinaongeza urefu wa bodi, lakini resori yenyewe ni ile ile. Gurudumu likipanda sana, mizunguko ya resori inaweza kugusana kabla ponti haijafika kwenye bute. Hapo chuma kinagonga chuma, na bute haifanyi kazi.

Kwenye Hilux za zamani zenye fimbo ya kujinyonga mbele, mafundi wanakaza bolti ya fimbo ili mbele ipande. Gari inapanda kweli, lakini gurudumu linakosa nafasi ya kushuka. Sauti inatoka gurudumu linapoanguka shimoni, siyo linapopanda. Mwenye gari anadhani nafasi ya juu imekwisha, kumbe ni ya chini. Akiinua tena, anaongeza ugonjwa.

Halafu kuna kosa ambalo halionekani kwa macho: amortisere ndefu. Baada ya kuinua, ile ya zamani inakuwa fupi, inavutwa hadi mwisho. Fundi anaweka ndefu zaidi. Lakini amortisere ndefu, hata ikifungwa kabisa, inabaki ndefu kuliko ile ya kwanza. Ponti ikipanda, inafika mwisho ndani ya bomba lake kabla ya bute kuguswa. Uzito wote wa gari unapiga juu ya fimbo nyembamba ya amortisere. Matokeo yake ni mafuta kuvuja baada ya wiki chache, jicho la amortisere kukatika, au mahali inaposhikia kwenye shasi kupasuka.

Tafuta kwanza kinachogonga

Kabla ya kununua kitu, kuna majaribio ambayo kila mtu anaweza kufanya bila mashine.

Paka grisi au matope mepesi kwenye bute, kisha fanya safari ya kawaida ukiwa na mzigo wa kawaida. Ukirudi, angalia. Kama grisi imefutwa, bute inaguswa. Kama grisi iko salama lakini gari ilikuwa inagonga, sauti inatoka mahali pengine: amortisere, mizunguko ya resori, au gurudumu linaposhuka.

Tafuta chuma kinachong'aa. Mahali ambapo vyuma viwili vinagongana hapana kutu wala vumbi.

Pima kwa mita kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, gari ikiwa tupu, halafu ikiwa na mzigo. Pande mbili zikitofautiana sana, kuna lame iliyolala au iliyovunjika. Andika hesabu hizo kwenye daftari ya gari. Baada ya miezi utajua kama lame zinachoka.

Baada ya barabara mbaya, karibisha mkono kwa uangalifu kwenye kila amortisere. Inayofanya kazi inapata moto. Kama tatu ni za moto na moja ni baridi, hiyo moja imekufa.

Angalia pia bridi, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga lame kwenye ponti. Zikilegea, bolti ya katikati inakatika na ponti inaweza kusogea kutoka mahali pake. Lame zikishafunguliwa na kufungwa, bridi zinapaswa kukazwa tena baada ya siku chache za kazi.

Dawa kulingana na ugonjwa

Kama lame zimelala, kuna wanaozipeleka kwa mhunzi azichome moto na kuzikunja upya. Bei ni ndogo, lakini chuma cha lame kilipata ugumu wake kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikichoma hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe hivi hivi, ugumu huo unapotea, na baada ya muda mfupi lame inalala tena. Kama hakuna pesa ya lame mpya, lame za mtumba zenye mkunjo mzuri ni bora kuliko lame iliyochomwa.

Kama gari inabeba mzigo mzito kila siku, kuongeza lame kunasaidia, lakini siyo kwa wingi. Lame mbili au tatu zilizoongezwa zinafanya gari tupu iruke kama mbuzi. Amortisere zilizopo haziwezi kushika nguvu hiyo, na pigo ambalo lame ingelimeza linaingia moja kwa moja kwenye shasi. Njia nzuri zaidi ni lame ya msaada, ile inayogusa tu wakati mzigo umeshusha gari. Canter na Fuso nyingi ziko nayo nyuma tangu kiwandani. Gari ikiwa tupu inabaki laini, na ikiwa na mzigo inapata nguvu.

Kama ni bute iliyopotea, irudishwe. Hii ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Kipande cha ubao si dawa: hakimezi pigo, kinapasuka na kuanguka.

Kama gari imeinuliwa na kuwekewa amortisere ndefu, bute ishushwe pia, kwa kuweka kipande cha chuma juu yake kilichofungwa kwa bolti. Hesabu yake ni rahisi. Gari ikiwa imesimama, pima umbali kati ya matundu mawili ya amortisere, juu na chini. Tuseme ni sentimita 52. Pima nafasi kati ya ponti na bute, tuseme 12. Toa: inabaki 40. Amortisere ikiwa imefungwa kabisa lazima iwe fupi kuliko 40, na iachwe sentimita 2 au 3 zaidi, kwa sababu mpira wa bute unabonyea. Kama imefungwa ni 37, ni sawa. Kama ni 42, itakufa. Amortisere inasukumwa hadi mwisho na kupimwa kabla ya kulipwa, siyo baada ya kufungwa.

Usisahau freni

Hapa si suala la sauti au pesa tu. Kati ya shasi na ponti kuna bomba laini la mafuta ya freni. Gari ikiinuliwa, bomba hilo linavutwa. Gari ikiwa imesimama linaonekana sawa, lakini gurudumu likining'inia shimoni linakazwa kama kamba. Siku likikatika kwenye mteremko wa kutoka Fizi kwenda Baraka, pedali inafika chini na hakuna kitu.

Jaribio lake ni hili: inua shasi kwa kriki, weka vizuizi imara chini ya shasi, acha magurudumu yaning'inie, kisha shika bomba kwa mkono. Lazima liwe na ulegevu. Kama limekazwa, gari isiondoke mpaka liwekwe refu zaidi. Mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake.

Mwendo pia ni resori

Barabara haitengenezwi kwa siku moja, na kipindi cha mvua hakisubiri. Lakini mguu wa shoferi unaweza kupunguza mapigo leo hii. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya pigo kwenye shimo lile lile inaongezeka zaidi ya mara mbili. Na shimo la pili linaloumiza ni lile linalofuata haraka, gari ikiwa bado inashuka kutoka shimo la kwanza. Anayepunguza mwendo kabla ya shimo, halafu akaachia freni wakati gurudumu linaingia, anairudishia resori ya mbele nafasi yake. Anayeshika freni ndani ya shimo anasukuma pua ya gari chini na kuila nafasi hiyo mwenyewe.

Kwa mwenye gari anayekwenda garaji wiki hii, maswali ya kumuuliza fundi ni matano. Ni kitu gani hasa kinagonga, na alama yake iko wapi? Nafasi imebaki sentimita ngapi gari ikiwa na mzigo? Bute zote nne ziko? Amortisere ikifungwa ina urefu gani? Na bomba la freni limejaribiwa magurudumu yakining'inia? Fundi mzuri hatakasirikia maswali hayo. Atatoa mita mfukoni.