Kuacha Pombe si Kazi ya Mtu Mmoja

Askari wa Kasese au Bwera atakaye kuachana na waragi asione haya kutafuta wenzake. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi wawili waliosaidiana. Hakina ada, sharti lake ni nia ya kuacha, na siri za mkutanoni hazitoki nje.

Lakini mnywaji wa kila siku asikate pombe ghafula akiwa peke yake: aweza kutetemeka, kuweweseka, kuanguka kifafa, hata kufa. Aanzie Hospitali ya Bwera au kituo cha afya kilicho karibu, aulizie hapo habari za kikundi. Kisipokuwapo, wawili wenye nia moja watosha kuanza. Nawe uliye nyumbani, usimsute, msindikize.