Bilauri, Kandili na Chemni

Neno kioo hubeba mzigo mzito: ni cha kujitazamia, ni cha dirisha, ni mali ghafi yenyewe. Vyombo vya kioo katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa vina majina yaliyokuja kwa bahari. Bilauri, zuri kuliko yote, latokana na neno la Kiarabu la fuwele, jiwe liangazalo kama maji. Glasi, ya Kiingereza, imelisukuma pembeni, nayo ni hasara. Kandili, yaani taa, nalo ni neno la Kiarabu. Chemni, kioo cha taa ya mafuta, ni la Kiingereza. Mrashi, wa kioo au fedha, hunyunyiza marashi harusini na maulidini hadi leo.