Mbwa Akila Bangi: Usifiche, Wala Usimpige Mawe

Ndugu wanavikundi, mada hii huenda ikawachekesha wengine wenu. Ati mbwa amelewa! Lakini mwenye mbwa hacheki. Kwetu Taita Taveta mbwa ni mlinzi. Ndiye anayebweka nyani wakiingia kwenye mahindi, na kwa wale wanaopakana na mbuga ya Tsavo, ndiye wa kwanza kujua kuwa ndovu wako karibu. Mbuzi naye ni karo ya shule iliyo na miguu minne. Basi tujifunze la kufanya wanyama hawa wanapokula bangi kwa bahati mbaya.

Wanaipata wapi?

Bangi ni marufuku hapa Kenya, na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ina adhabu kali. Lakini sote tunajua kuwa ipo. Voi ni njia panda ya Nairobi, Mombasa na Taveta, na mengi hupita hapa. Kijana anaficha misokoto chini ya godoro au kwenye paa la zizi. Mbwa ananusa, anakula yote pamoja na karatasi. Siku hizi kuna hata keki na biskuti zilizotiwa bangi, na mbwa anapenda utamu na siagi. Tena mbwa anayekula kinyesi cha mtu aliyetumia bangi anaweza kulewa vilevile. Hii ni sababu nyingine ya kila boma kuwa na choo kinachofungwa. Mbuzi yeye hukutana na mmea wenyewe huko kichakani, au na majani yaliyoanikwa.

Dalili

Mara nyingi dalili huanza kati ya nusu saa na saa tatu baada ya kula. Mbwa huyumba kama mlevi, akisimama anapepesuka. Anasinzia, lakini ukimgusa au kukitokea kelele anashtuka sana. Mkojo unamtoka kidogo kidogo bila yeye kujua. Anatoka mate, pengine anatapika. Mboni za macho hupanuka. Mwili unaweza kuwa baridi na moyo ukapiga polepole. Wachache hutetemeka au kupata degedege.

Wengi hupona kwa siku moja, wengine huchukua hadi siku tatu. Kifo si cha kawaida, lakini hatari ipo kwa mtoto wa mbwa, mbwa mdogo wa mwili, mzee au mgonjwa, na kwa aliyekula nyingi au keki yenye chokoleti. Chokoleti peke yake ni sumu kwa mbwa.

Si kila anayeyumba amelewa

Hapa ndipo penye jambo kubwa, tafadhali someni polepole. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa naye huyumba, hutoka mate na kushtuka ovyo. Kwa hivyo watu hukosea kwa njia mbili. Wengine huona mbwa aliyekula bangi, wakapiga kelele "kichaa!" na kumuua kwa mawe. Wengine huona mbwa mwenye kichaa, wakasema "ah, huyo amekula bangi ya vijana," wakamfungua mdomo kwa mikono kumnywesha maziwa. Kosa la kwanza linaua mbwa. La pili linaweza kuua mtu, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Kama hukumwona akila, na hukuona mabaki ya bangi, na mbwa hajachanjwa, mhesabu kuwa ni wa kushukiwa. Usimguse. Mfungie mahali peke yake, watoto wakae mbali, na uite ofisi ya mifugo. Mbwa wa bangi hupata nafuu siku hadi siku. Mwenye kichaa huzidi kuharibika: sauti hubadilika, hushindwa kumeza, huuma bila sababu au hupooza, na hufa kwa siku chache.

Akiwa ameuma mtu au mate yameingia kwenye kidonda, msingoje kuona kama mbwa atapona. Osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo.

Pia kuna dawa ya kupe na dawa za kunyunyizia mboga. Hizi nazo huleta kutetemeka, mate na kulegea, na zinaua haraka kuliko bangi. Ukiona chupa au galoni iliyomwagika, beba kibandiko chake umwonyeshe daktari.

Ukiwa na hakika ni bangi, fanya hivi

1. Ondoa iliyobaki, kisha pigia daktari wa mifugo au afisa wa mifugo aliye karibu nawe. Mwambie alikula nini, kiasi gani na saa ngapi.

2. Mlaze mahali patulivu penye giza kidogo. Kule Wundanyi kwenye baridi mfunike kwa gunia au blanketi. Huku Voi mweke kivulini, asiachwe juani.

3. Mweke mbali na ngazi, kisima na barabara. Akilala tu, mgeuze ubavu kila baada ya saa mbili au tatu.

4. Maji yawe karibu, lakini anywe mwenyewe akiweza kusimama na kumeza.

5. Asipoamka hata ukimtikisa, akipumua kwa shida, akipata degedege au akiwa baridi sana, mpeleke kwa daktari bila kungoja. Hakuna dawa ya kuivunja bangi yenyewe, ila daktari anaweza kumpa dripu, kumpasha joto na kutuliza degedege.

Usifanye haya: usimnyweshe maziwa, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa wala maji ya chumvi. Mnyama aliyesinzia hamezi vizuri, kinywaji huingia kwenye mapafu. Chumvi nyingi nayo ni sumu. Usimlazimishe kutapika. Mkaa wa jikoni pia si ule mkaa maalumu wa dawa anaotumia daktari.

Mbuzi na ng'ombe

Hawa usiwaache walale ubavu, maana gesi hujaa tumboni ikawaua. Wakalishe kifua kikiwa chini, uwaegemeze kwa magunia ya nyasi. Halafu usiuze wala kunywa maziwa yao, na usimchinje mnyama huyo haraka haraka ili "kuokoa nyama", mpaka daktari aruhusu. Huko Ujerumani, mwaka 2022 watafiti walichapisha majaribio ya ng'ombe waliolishwa mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa viwanda. Ng'ombe waliyumba, walipunguza kula na kutoa maziwa, na kile kilevi kikapatikana ndani ya maziwa. Maziwa hayo ndiyo ungempa mtoto.

Tatizo ni aibu

Wengi hawasemi ukweli kwa daktari kwa kuogopa polisi, au kwa kumficha mtoto wa nyumbani. Basi daktari anatibu homa ya kupe, pesa zinaisha, mnyama anazidi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari anauliza mnyama alikula nini ili ajue la kufanya. Na huyo kijana mwenye misokoto, msimshughulikie kwa kiboko peke yake. Kaeni naye mzungumze, maana mbwa atapona kesho, yeye bado.

Kazi ya kikundi

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Kikundi kinaweza kuandika barua ofisi ya mifugo kuomba siku ya kuchanja mbwa kijijini. Kila mbwa achanjwe kila mwaka, na cheti kiwekwe vizuri. Namba ya simu ya afisa wa mifugo iandikwe kwenye daftari la kikundi, na kila mwanachama awe nayo.

Maswali ya kujadili

1. Ni mbwa wangapi katika kijiji chetu wamechanjwa mwaka huu?
2. Dawa za kupe na za mboga tunaziweka wapi nyumbani?
3. Mwanachama akija na tatizo la bangi nyumbani kwake, je, tutamsaidia au tutamsema?